Mawe ya Matuta ya Mama

Kaka yangu si mlevi wala mvivu, na ndiyo maana mpaka leo sijui nimkasirikie vipi. Angekuwa mlevi ningemalizana naye zamani. Shamba la mama alilimaliza kwa kumpenda.

Shamba lenyewe liko kwenye mteremko mkali, milimani juu ya Gonja. Mababu walilijengea matuta, kuta za mawe zilizopandana kama ngazi, udongo usikimbie. Katikati iko ndiva, bwawa letu la asili: maji ya kijito hujaa humo usiku, asubuhi kizibo kinafunguliwa, kila nyumba inamwagilia kwa zamu. Mama ni mjane. Juu ya ndiva alilima mahindi na migomba, chini yake maharage, na njaa alikuwa anaisikia kwa watu tu.

Ikaja tangawizi. Bei ilikuwa tamu, kila mtu akaikimbilia. Mama hakuipinga. "Lima, baba, lakini huku chini," alimwambia kaka. "Kule juu niachie mawe yangu." Bwana shamba naye alisema hivyo hivyo: tangawizi kiasi, miti ibaki, kuta zisiguswe. Kaka akacheka. Tangawizi inataka udongo wa kina, uliotifuliwa, na kuta zinakula nafasi. Halafu mama alikuwa analala kwenye nyumba inayovuja, na mawe yale pale, ya bure! Mweh! Akabomoa kuta zote za juu, akapanda tangawizi mteremko ule mzima, na kwa mawe yale yale akamjengea mama nyumba. Bati jekundu, baraza pana. Mchungaji alikuja kuibariki, wanawake wakapiga vigelegele. Mama alikaa barazani, anatazama shambani.

Tangawizi haivunwi kwa kukatwa, inachimbwa. Mvua za vuli zikaukuta mlima umefukuliwa, hauna cha kuushika, na udongo wote ukashukia kwenye ndiva. Pembe ya msaragambo ikapigwa. Kwetu pembe hiyo ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe kwa kazi ya wote. Safari hii walikuja wachache, wengine wako kwenye tangawizi zao. Tulizoa tope kutwa nzima, na mvua iliyofuata ikalirudisha. "Mchuma janga hula na wa kwao," mzee mmoja akasema mbele ya kaka. Nilitaka kumjibu vibaya, lakini amesema uongo gani?

Kiangazi kilipofika ndiva haikuwa na maji. Huku chini maharage yakakauka yakiwa kwenye maua. Kule juu kaka alipanda tena, tangawizi ikatoka nyembamba kama vidole vya mtoto, hakuna mnunuzi aliyeitaka. Nilimchukia, haki ya Mungu nilimchukia, na huku namwonea huruma jinsi alivyokonda.

Siku moja nikapanda kutoka Same, ninakoishi, na kiroba cha unga. Nikamkuta mama na sululu, anachokoa ukuta wa nyumba yake, anataka kurudisha mawe shambani. Kaka amemshika mkono, analia.

"Mama, hii ni nyumba yako! Watu watasemaje?"

"Shikamoo, mama," nikasema, nikishusha kiroba.

"Marahaba." Akaiweka sululu chini.

Ilibidi nimwambie. Hata mawe yakirudi, hayana cha kuzuia. Kule juu umebaki mwamba na changarawe, na udongo wetu umeshateremka tambarare, huko kwenye mpunga wa watu. Akaitikia kwa kichwa. Kumbe alikuwa anajua. Akamgeukia kaka, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Nyumba nzuri umenijengea, baba. Nimeshukuru. Sasa niambie, mvua zikija mahindi nitapanda wapi?"

Kaka akakaa chini. Mimi nikawasha moto, nikasonga ugali. Mama alimega tonge moja, akasema ameshiba, akamsogezea mwanawe sahani.