Asubuhi ya Vitufe Vipya

Ipo Jumamosi moja ambayo hunirudia kila mvua za kwanza zinapoanza, mjukuu wangu, na leo nimeona nikusimulie. Jana nilikuona unaitazama simu ikiita, jina la mtu linawaka juu yake, ukaigeuza kifudifudi mezani. Sikukugombeza. Mimi nami niliwahi kuwa kijana mwenye simu mpya.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwishoni. Nilikuwa karani katika ofisi ya ununuzi wa pamba mjini Shinyanga. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza, mwandiko wangu ulisifiwa, na nilikuwa na mchumba. Aliitwa Modesta, muuguzi msaidizi katika zahanati ya misheni kule Ushirombo, binti wa mkulima mmoja wa Kisumbwa.

Barua tuliandikiana, lakini tulichokingojea ni simu ya Jumamosi. Siku zile ukiwa mjini uliweza kupiga Mwanza au Dar es Salaam moja kwa moja, ila Ushirombo ilikuwa lazima umwombe opereta. Unamwambia unataka wapi, unaweka mkonga chini, unangoja. Yeye anahangaika na waya mpaka misheni waitike, ndipo anakupigia. Opereta wetu alikuwa Mama Kulwa, mzaliwa wa huko huko Ushirombo. Kwa sababu hiyo alijifanya mama wa Modesta, akaniita mkwe.

"Wangaluka, mkwe! Leo binti yangu unampa habari gani?"

"Habari njema tu, mama."

"Njema gani? Ng'ombe wanakuja lini? Zizi letu linaota majani!"

Kisha unakuja mvumo, kama upepo juu ya mabati, na ndani ya mvumo huo namsikia Modesta anahema. Simu ilikuwa ofisini kwa padri, mbali kidogo na zahanati, naye kila mara alikuja mbio. Nilimsikia akihema kabla hajanipa salamu, na kuku wa misheni wakilia nyuma yake. Nimezeeka sasa, nimesikia sauti nyingi katika simu, za furaha na za misiba. Hakuna ninayoitamani kama kule kuhema kwake. Bibi yako anajua. Nilimweleza kabla hatujaoana, akasema mtu asiyemkumbuka yeyote angemtia wasiwasi zaidi.

Jumamosi ya kabla ya ile ninayoisema, Modesta hakucheka na mimi kama kawaida.

"Kuna mfanyabiashara wa Segese ameleta wazee wake," alisema. "Baba amewaambia waje tena Jumapili ijayo. Baba anakupenda wewe, Lukas, lakini amechoka kungoja. Jumamosi niambie neno la uhakika, kwamba ng'ombe wako tayari na wazee wenu wanakuja. Nikimpelekea neno hilo, wale atawarudisha. Nisipompelekea, sina la kumzuilia."

Wiki ile nikaenda kwa baba yangu mdogo, akakubali, ng'ombe wakatengwa. Lilibaki neno moja tu la kusema kwenye simu.

Ijumaa ikaletwa simu mpya. Ya zamani ilikuwa ya kuzungusha kidole, hii ilikuwa ya kubonyeza, na pembeni ilikuwa na safu ya vitufe vinavyoweza kukumbuka namba. Meneja wetu, mtu mzima aliyependa mambo ya kisasa, akanikabidhi kijitabu cha maelezo. Nilikaa nacho mchana kutwa. Unainua mkonga, unabonyeza kitufe cha kuhifadhi, unachagua kitufe cha pembeni, unaingiza namba, unabonyeza tena kuhifadhi mpaka usikie mlio. Ukikosea tarakimu moja, unaanza upya. Nikaingiza Dar es Salaam, Mwanza, benki, stesheni ya reli, kiwanda cha kuchambua pamba, na wakubwa wa mkoa kila mmoja kwa cheo chake. Nikaandika majina kwenye vikaratasi na kuvichomeka chini ya plastiki.

Zuhura, mpiga chapa wetu, akaja kukagua.

"Na wifi yetu umempa kitufe gani?"

"Ushirombo haihifadhiki, dada. Lazima opereta."

"Basi mhifadhi Mama Kulwa."

"Mama Kulwa akae safu moja na wakubwa?" nikamjibu, tukacheka. Mimi nilicheka zaidi.

Jumamosi asubuhi meneja akawaita maofisa wa idara zote waje waone. Kila mmoja alitaka kubonyeza. Huyu akapiga Dar es Salaam kumsalimia tu mtu aliyesoma naye. Yule akapiga Mwanza kuuliza kama kuna mvua. "Kidole kimoja tu, bwana! Sijazungusha kitu!" Walipiga kelele kama watoto, na mimi nilisimama pale kama bwana harusi, nikionyesha hiki na kile. Ofisi nzima ilikuwa na waya mmoja wa kutokea nje. Hilo nililijua vizuri kuliko wote.

Saa yetu, mimi na Modesta, ikafika. Niliiona ukutani. Nikajisemea, huyu akimaliza naomba Ushirombo. Akamaliza, akaja mwingine. Zuhura akanivuta shati: "Kaka, wakati wako unapita." Wakati huo huo meneja akanishika bega mbele ya watu akasema, "Huyu kijana atafika mbali." Nikamwambia Zuhura anipe dakika chache.

Walipotawanyika ilikuwa mchana. Nikampigia Mama Kulwa. Hakuniita mkwe.

"Unaiomba sasa?"

"Tumechelewa kidogo, mama."

"Modesta amekuomba wewe asubuhi nzima. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa anakupigia! Kila nikijaribu kwenu, waya una watu. Nikamwambia angoje, akangoja mpaka padri akafunga ofisi. Akaniuliza kama mko wazima huko. Nikamwambia simu yenu imeharibika. Nimekusitiri, mwanangu. Sasa ondoka uende."

Niliondoka alasiri ile ile na lori lililopeleka mbegu za pamba Kahama. Usiku mvua ikanyesha, Jumapili nzima tukasukuma lori kwenye tope. Ushirombo niliingia Jumatatu, nimelowa, viatu mkononi.

Baba yake Modesta alikuwa kwenye lango la zizi. Humo niliona ng'ombe wageni, wale ambao bado hawajajua wenzao, wanasukumana kwa pembe. Sikuhitaji kuelezwa. Kwetu, ng'ombe wakishaingia zizini na wazee wakala pamoja, baba akilirudisha neno lake ameuaibisha ukoo mzima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu, umelowa sana." Akaniwekea kigoda, akaagiza maziwa. "Waliingia jana. Nilingoja mpaka jua limeinama."

"Naona, baba."

"Binti alituambia simu yenu imeharibika. Imepona?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, Mama Kulwa alikwishanifungulia kwa uongo wake. Lakini yule mzee aliningoja, nikashindwa kumdanganya.

"Haikuharibika, baba. Nilikuwa nawaonyesha watu inavyofanya kazi."

Ndani ya nyumba nilisikia beseni likiwekwa chini. Modesta alikuwa humo. Hakutoka.

"Afadhali ungesema imeharibika," mzee akasema taratibu, akanisogezea kibuyu cha maziwa. Nikanywa, nikaaga.

Mwanangu, sikusimulii haya ili uchukie kazi au vitu vipya. Fanya kazi, usifiwe, ufurahi. Ninachokuomba ni hiki: kama umemwahidi mtu saa fulani, inuka katikati ya watu, hata wakiwa wakubwa, uende ukatimize. Wale maofisa wangenisamehe kabla hawajafika kwenye viti vyao. Leo hata sura zao nimezisahau. Na ukikosa, usimwachie mtu mwingine akudanganyie. Nenda ukaseme mwenyewe, hata kama umechelewa, hata kama hakuna kitakachorudi.

Mungu akujalie watu wa kukungoja, mwanangu. Akujalie na moyo wa kuwafikia kabla jua lao halijainama.