Nilipanga ratiba kali ya kusoma uuguzi, nikaishia kujaza presha ambayo sikupima

Wakuu, habari za mchana.

Haya ninayoandika yalinikuta mimi, sikusimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha na hospitali sitaitaja. Mtakaonitukana sawa tu, nimeshajitukana sana kabla yenu.

Mimi ni binti, mzaliwa wa Migato, nasoma diploma ya uuguzi hapa Bariadi. Nyumbani ni wakulima wa pamba na ng'ombe tunao kiasi. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuvaa sare ya nesi, kwa hiyo nilipofika chuo niliapa kuongoza darasa. Sio kufaulu. Kuongoza.

Muhula wa kwanza nikawa wa kumi na nne.

Nilikaa na ile karatasi ya matokeo kitandani kama mtu aliyefiwa. Kesho yake nikanunua manila na marker, nikachora ratiba ya siku nzima, imekatwa vipande vya robo saa. Kuamka saa kumi na moja alfajiri. Kula, robo saa. Kufua, Jumapili tu. Kupiga simu nyumbani, dakika tano (msicheke).

Roommate wangu, Limi, aliisoma ile manila kutoka juu mpaka chini.

"Mbona saa za wodini umeandika kusoma?"

"Nitasoma hukohuko. Wodini kuna muda mwingi unapotea."

Akarudi kukunja nguo zake. Limi huwa habishani na mtu.

Na ukweli ratiba ilifanya kazi. Test mbili mfululizo nikapata maksi za juu, mwalimu akanitaja mbele za watu. Kichwa kikavimba. Nikawa natembea na noti zilizokunjwa kwenye mfuko wa sare, nikipata upenyo nafungua.

Sasa tukaja kwenye mafunzo ya vitendo, wodi ya wazazi, zamu ya asubuhi.

Kwa wasiojua: mama akishajifungua, saa za mwanzo ndizo za kuogopa. Unampima presha na mapigo kila robo saa, unamshika tumbo kuona kama mji wa mimba umekaza, unaangalia damu inayotoka. Kisha unajaza kwenye chati.

Siku hiyo nilikabidhiwa dada mmoja wa Dutwa, mtoto wa kwanza. Nitamwita Minza. Alijifungua salama, mtoto analia vizuri. Saa tatu kamili nikampima, kila kitu sawa, nikajaza.

Wiki ile tulikuwa na mtihani wa famakolojia, somo la dawa. Nikavuta kiti karibu na dirisha, nikatoa noti.

Saa tatu na robo ikafika. Nikamtazama Minza kutoka pale nilipokaa, nikaona amelala. Nikasema moyoni, huyu yuko sawa, si nimempima sasa hivi? Nikaandika 118/76.

Wakuu, sikunyanyuka kwenye kiti.

Mama mkwe wake alikuwa ameruhusiwa kuingia kumletea uji. Akaniita kwa Kisukuma, "Mwanangu, mbona ana baridi hivi?" Nikamjibu, "Mayu, mfunike tu, ni uchovu." Akamfunika.

Saa tatu na nusu nikaandika 116/74. Namba nilizibadilisha kidogo ili zionekane za kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilikuwa na akili ya kutosha kudanganya vizuri.

Haikupita muda yule mama akaniita tena. Safari hii sauti ilikuwa nyingine.

"Mwanangu, njoo. Njoo umwone."

Nikaenda. Midomo ya Minza ilikuwa nyeupe. Nikafunua shuka. Kanga zote zimelowa, damu imefika kwenye godoro.

Nilipiga kelele, "Sista!"

Sista Kabula, msimamizi wa zamu, alifika kabla sijamaliza neno. Mkono wake ukawa tumboni mwa Minza, anasugua kwa nguvu, huku anatoa amri: dripu, sindano ya kubana mji wa mimba, ita daktari. Mimi nikafunga mashine ya presha. 80/50. Mapigo yanakimbia, nikahesabu mara mbili kwa kutojiamini.

Daktari akaingia, akachukua chati. Akasoma kwa sauti.

"Saa tatu na nusu, 116 kwa 74. Kwa hiyo imeanza ghafla, dakika chache zilizopita."

Sista alikuwa amenipa mgongo, bado anasugua.

Wakuu, zile sekunde sitazisahau. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini daktari anapanga matibabu kwa kufuata namba zangu, na namba zangu ni hewa. Niliona chuo, nikamwona baba yangu, nikaona kila kitu kinaondoka.

"Daktari, hizo sikupima. Nilipima saa tatu kamili tu."

Alinitazama mara moja. Hakunifokea. Akageukia wengine, "Basi amepoteza damu nyingi kuliko tunavyodhani. Agizeni damu sasa hivi, na mwekeeni dripu ya pili."

Nikatumwa maabara na sampuli. Nilikimbia kwenye korido nalia.

Minza alipona. Damu ilisimama, aliongezewa chupa mbili, na siku ya tatu alikuwa amekaa ananyonyesha.

Sista Kabula aliniita ofisini baada ya zamu.

"Leo umedanganya, halafu ukasema kweli," akaniambia. "Vyote viwili nitaviandika."

Na akaviandika. Chuo hakikunifukuza, ila nilirudia mafunzo ya wodi ya wazazi yote wakati wenzangu wako likizo. Nyumbani walikuwa wanavuna pamba na walitegemea nikasaidie. Baba aliponipigia nilimweleza yote. Akasema, "Maliza ulichoanza huko," akakata simu.

Kabla Minza hajaruhusiwa nilikwenda kuwaomba msamaha. Minza alinisikiliza tu, akatikisa kichwa taratibu. Mama mkwe ndiye aliyesema.

"Mimi sijasoma. Lakini nilikuita mara mbili."



Ratiba ninayo bado, sijawa mtakatifu. Nasoma kwa muda wa saa moja alfajiri na muda wa saa mbili jioni, nalala mapema. Wodini siingii na karatasi, ila nikitoka naandika mgonjwa mmoja niliyemhudumia, halafu ndiyo nafungua kitabu kumsoma yeye. Mambo yanakaa kichwani kuliko nilivyokuwa nakariri. Muhula uliofuata nilikuwa wa sita. Sijaongoza darasa, na nadhani sitaongoza.

Nilichojifunza ni kwamba unaweza kupanga saa zako zote vizuri, kumbe baadhi si zako, ni za mgonjwa.

Wauguzi mlioko kazini, nyie mlisomaje mkiwa na zamu? Nipeni uzoefu, nasoma kila comment, hata za matusi.

Na kama upo hapa na umewahi kujaza chati kama nilivyofanya, si lazima useme kwenye uzi. Nenda kamwambie in-charge wa zamu yako.