Kamba Inayoelea

Odoyo Agutu alivua samaki miaka ishirini na miwili kabla ya kuja kutunza bustani ya bosi Pradip, na kwa miaka yote hiyo hakuna kamba iliyomkatikia mkononi. Alilisema hilo kila siku, asubuhi kabla ya chai na mchana baada ya ugali. Chai na ugali huo nilivipika mimi, kwa hiyo nililisikia mpaka nikalichukia.

Bustani iko Pasiansi, ukingoni mwa ziwa, na katikati yake umesimama mkuyu mkubwa. Wageni waliokuja kupumzika hapo walitaka kuupanda kwa kamba na mikanda ya kiunoni, mchezo tu wa kujifurahisha. Bosi akafikiria kumleta kijana wa Arusha aliyesomea kazi hiyo. Odoyo akawaka.

"Bosi, mimi Mjaluo wa Shirati nifundishwe kamba na mtu wa milimani?"

Bosi akacheka. Akamwambia anunue vifaa yeye, Jumamosi watu wapande. Akishindwa, kijana anakuja na Odoyo anarudi kwao.

Tulifuatana hadi Nyamagana, kwa Nadim muuza vifaa vya uvuvi, maana nami nilikuwa natafuta sufuria. Nadim akaweka kamba mbili mezani: nyeupe nzito ya nailoni, na ile ya bluu ya plastiki, nyepesi, ambayo wavuvi hufungia nyavu. Odoyo akaomba beseni la maji, kwa sababu wanaume wa ziwa ndivyo wanavyochagua kamba. Akatumbukiza kipande cha kila moja. Nyeupe ikazama, bluu ikaelea.

"Inayozama ni ya kufungia ng'ombe," akasema.

"Lakini mzee, si unakwenda mtini?" Nadim akauliza. "Nyeupe inavumilia kusuguliwa. Tena chukua na pete hizi za chuma, kamba ipite kwenye pete, isisuguane na kamba nyingine."

"Chuma kina kutu, na kutu inakula kamba. Hata mtoto wa mwaloni kwa wavuvi anajua."

Nikaingilia. Magunia yangu ya mkaa nayafunga kwa kamba hiyo hiyo ya bluu, na ikigusa jiko tu inayeyuka. Nikamwambia, "Kaka Odoyo, hiyo haipendi joto."

Akawageukia wateja. "Mmemsikia? Mwanamke aliyeachwa kwa kuunguza wali ananifundisha kamba!"

Duka zima likacheka. Ni kweli niliachwa, ila si kwa wali. Niliachwa kwa kukosa mtoto, na Odoyo alilijua hilo.

Ijumaa alifunga kitanzi cha kamba ya bluu kwenye tawi, akapitisha ndani yake kamba nyingine ya bluu, kamba kwa kamba, bila pete. Akapandisha na kushusha gunia la mchanga mara kumi, nalo likashuka salama. Jioni akanipa kitanzi nikiweke stoo ya jikoni, wezi wasikichukue. Nilipokuwa nakikunja nikagusa mahali pagumu, panapong'aa, kama kitako cha ndoo ya plastiki iliyowekwa karibu na moto. Nyuzi zilikuwa zimeyeyuka zikashikana, na nusu ya unene haikuwepo.

Nilikaa nacho mapajani huku mchuzi ukichemka. Nilijua kabisa kitakachotokea. Nikaukumbuka ule wali. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajiambia, nikakitundika msumarini, pale pagumu pakiangalia ukutani.

Tena nilijua hakuna mgeni atakayeumia. Kwetu ziwani, aliyetengeneza chombo ndiye anayekiingia kwanza.

Asubuhi akaja kukichukua mbio mbio, wageni wameshakaa.

"Dada Evelina, kamba imelala salama?"

"Si inaelea?" nikamjibu.

Akacheka, akanigonga bega.

Alipanda vizuri, hilo simnyimi. Alipofika juu akatupungia mkono, wageni wakampigia makofi, naye akataka kuwaonyesha mbwembwe akashuka kwa kasi. Nikaona kamoshi kembamba pale kwenye kitanzi. Sauti ya kukatika ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia.

Kijana wa Arusha alifika Jumatatu, na kitu cha kwanza alichonunua ni pete za chuma. Odoyo sasa analala Mkolani, chumba kimoja na mkewe Dorcas, na kuanzia shingoni kwenda chini hasikii hata ukimchoma sindano. Kila Jumapili nampelekea uji. Namlisha mwenyewe.

"Katika watu wote wa bustanini," ananiambia, "wewe peke yako ulinionya. Nisamehe yale maneno ya wali, dada yangu."

Nampangusa kidevu, namwambia yamekwisha. Hayajaisha. Namwangalia anavyomeza, na bado sijui ninachokuja kukitazama mle chumbani.

Majirani huja kumsaidia kukaa, anawakatalia. Anamkatalia hata mkewe, anaogopa kuangushwa.

"Ngojeni Evelina aje," anawaambia. "Huyo ndiye atanishika."