Ng'ombe wote wa josho walivyohamia kwa mtaalamu wa kompyuta

Wakuu, kwema?

Haya nayaandika bila chumvi. Ningetaka kuongopa ningechagua uongo usioniaibisha mwenyewe.

Mimi natengeneza programu ndogondogo, makazi Nyamiaga, Ngara. Kamati ya josho moja la kuogeshea ng'ombe kule Nyamahanga, Biharamulo, waliniomba programu ya kuandikisha ng'ombe: alama ya sikio, rangi, mmiliki. Daftari lao la zamani mchwa walishalimaliza.

Kazi nikaigawa vipande. Kipande cha ku-save kwenye diski na kusoma tena nikampa jamaa mmoja aliyerudi toka mjini na vyeti. Tumwite Mtaalamu, maana ndivyo alivyojiita.

Huyu bwana ukimuuliza saa anakujibu "object". Aka-save ng'ombe, akamsoma, jina la mmiliki likatokea. Makofi. Tukapiga picha na kamati.

Mvua zilipoanza, maksai wa Mama Kulwa akapotea. Mama Kulwa ni mjane, ana maksai wawili tu, na plau haivutwi na mmoja. Akamkuta kwenye zizi la jirani yake, Shija. Shija akadai kamnunua mnadani.

Wakaja josho, na sisi tukaitwa. Mwenyekiti akasema, "Hakuna ugomvi. Tufungue kompyuta."

Ikafunguliwa.

Alama ya sikio: ipo. Rangi: ipo. Mmiliki: patupu.

Ng'ombe wote. Wote, wakuu!

Mtaalamu akakohoa. "Data zipo, ni reference tu zimekatika."

Mzee mmoja akamuuliza, "Zimekatikia wapi, tukazifunge?"

Kwa lugha ya binadamu: ng'ombe aliwahifadhi, orodha ya wafugaji aliihifadhi, ila ng'ombe yupi ni wa nani hakuhifadhi. Alihifadhi mahali mwenye ng'ombe alipokuwa amekaa kwenye kumbukumbu ya mashine siku ile. Ukizima, hapo mahali hapana mtu. Ni kama kuandika "baba wa mtoto ni yule wa kiti cha tatu", halafu kikao kimevunjika. Na majaribio yake yote alifanya bila kufunga programu hata mara moja. Vyeti vyote vile!

Badala ya kunyamaza, akaanza kurekebisha palepale. Akaiambia programu: ukikosa mmiliki, chukua wa kwanza kwenye orodha ya wafugaji.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa yeye. Alijiandikisha siku ya kujaribu.

Basi ng'ombe wote wa josho wakawa wa Mtaalamu, ambaye hata kuku hana. Wafugaji wakamgeukia na fimbo zao. Jasho lilimtoka, nami sikumhurumia.

Shija akapata mdomo. "Mama, jina lako halipo. Nabaki na ng'ombe wangu."

Mama Kulwa hakubishana. Akaenda kwake, akarudi na maksai wa pili na nira. Akamwambia Shija, "Kama ni wako, mfunge."

Wanaolimia ng'ombe wanajua: maksai akizoeshwa upande mmoja wa nira, upande wa pili hautaki. Shija akamvuta kushoto. Akagoma. Akamchapa, akagoma.

Mama akaita, "Chapakazi!"

Maksai akazunguka mwenyewe, akaja kusimama kulia kwa mwenzake, akainamisha shingo ivishwe nira.

Mwenyekiti akafunga laptop. Shija akaondoka bila kuaga.

Sasa aibu yangu. Kile kipande cha Mtaalamu nilikikagua mimi. Niliona jina limetokea nikasema safi, tukabidhi. Sikuzima mashine hata mara moja. Namcheka nani hapa?

Wakati wa kuondoka nikamwamkia mama, "Shikamoo."

"Marahaba. Hivi mwanangu, hiyo mashine yenu mkiizima inasahau watu?"

"Ndiyo mama. Tulivyoitengeneza sisi, inasahau."

Akamtazama Chapakazi. "Huyu kila siku analala. Akiamka ananijua."



Funzo ni hilo, wakuu. Ku-save hata mjinga ana-save. Zima, washa, soma upya, ndipo ujisifu.

Kama nawe uliwahi kukabidhi kazi bila kuizima, shuka hapa chini useme tuchekane. Vyeti acha nyumbani.