Lenzi ya Baba na Kamba ya Mama

Mama yangu aliolewa na mpiga picha, na hakuwahi kupigwa picha hata moja na mume wake. Nilipolijua hilo nilikasirika kwa niaba yake, maana mimi mwenyewe ni mpiga picha, nina studio ya chumba kimoja hapa Bomani, na najua hakuna kazi nyepesi kama kumwambia mkeo akae mlangoni ubonyeze. Yeye hakuwa na hasira. Ila simu zangu na kamera zangu za kisasa alizikataa zote.

"Nipige kwa lenzi ya baba yako, mura," aliniambia, "kabla macho yangu hayajafunga. Nataka niione hiyo picha mwenyewe."

Mura ni kijana, kwa Kikurya. Kijana huyo ana miaka hamsini na tatu na anapaka dawa magotini.

Lenzi ilikuwepo. Kamera yake, ile ya kukunjua, ya mbao na ngozi, mchwa walishaila zamani wakabakiza kioo na chuma. Lenzi mama alikuwa ameihifadhi kwenye kopo la majani ya chai nyumbani Nyarero. Nikaanza kutafuta mwili mwingine wa kuivalisha, nikaupata Mugumu kwa dereva mstaafu wa watalii. Mgeni wake mmoja alimwachia kamera ya filamu, naye akaiweka kabatini pamoja na sahani za wageni. Ni kamera ambayo huangalii kupitia lenzi. Unachungulia kidirisha cha pembeni, unamwona mtu mmoja kawa wawili, kama vile umetoka kilabuni. Unazungusha lenzi mpaka wale wawili wawe mmoja, na hapo umbali umekaa sawa. Niliipenda siku hiyohiyo.

Tatizo, lenzi ya baba ilikuwa nyembamba na mdomo wa kamera mpana, na katikati yao palihitajika pete ya chuma. Pete ikizidi unene kidogo tu, picha inakuwa ukungu. Nikampelekea jirani yangu, fundi wa kukereza vyuma, ambaye babu yake alitoka pwani na kofia yake ya kiua akazaa ukoo mzima hapa Tarime. Kazi yake ya kila siku ni kuchonga vipuri vya mashine za kusaga. Aliishika lenzi kwa vidole viwili, akaipuliza vumbi, akanitazama.

"Hii inasaga nini?"

"Inasaga sura za watu," nikamjibu.

Akasema bismillahi, akachukua kipande cha shaba cha bomba la zamani, akaanza. Siku tatu tulikaa pale. Kila akipunguza kidogo, naivalisha lenzi, nafungua mgongo wa kamera, nabandika karatasi nyembamba pale inapokaa filamu, na tunaulenga mnara wa simu ulioko kule mlimani. Mnara ulitokea kwenye karatasi, mdogo, kichwa chini. Fundi alifurahi mno, akawa anawaita wateja waje waone bodaboda zikipita juu chini. Kazi yangu ikachelewa kwa sababu ya sinema hiyo. Mwisho mnara ukakaa mkali kama sindano, na kidirishani nao ukawa mmoja. Tukapeana mikono.

Kabla sijaondoka nikamwomba anisugulie mikwaruzo mitatu iliyokuwa kwenye ukingo wa lenzi, ing'ae. Akakataa.

"Mkwaruzo mmoja ni ajali," alisema. "Mitatu iliyonyooka hivi, mtu alikusudia. Iache."

Nikaona ni maringo ya mafundi tu. Nikaichukua hivyohivyo.

Jumapili nikaenda Nyarero. Shikamoo, marahaba, chai, halafu nikamkalisha mama kwenye kigoda mbele ya zizi. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kilemba kipya. Nikasogea, nikachungulia, mama wawili wakawa mmoja.

"Hupimi?" akaniuliza.

"Mama, hii inajipima yenyewe."

Akaweka kilemba sawa. Nilipiga picha nyingi siku hiyo, kwa madaha yote ya mtu anayejua kazi yake, na filamu zenyewe naagiza Nairobi, zinakuja kupitia mpakani Sirari kwa kubembelezana. Nikasafisha, nikachapa, nikarudi Nyarero na bahasha bila hata kuzikagua vizuri. Kosa langu. Mama alizisogeza karibu na jicho lake zuri, la kushoto, moja baada ya nyingine, taratibu.

"Ng'ombe ametoka vizuri," akasema.

Ni kweli. Nyuma yake, ndani ya zizi, ng'ombe alionekana hadi kope. Mama mwenyewe alikuwa wingu lenye kilemba. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe mimi na fundi tulipima kwa mnara, kitu cha mbali, tukadhani karibu kutajipa kwenyewe. Kile kidirisha kilikuwa kinasema kweli kwa mambo ya mbali na kinadanganya kwa ya karibu. Nawajua watu wa namna hiyo, ila sikutegemea kamera.

Mama aliinuka, akaenda kwenye banda la kuku, akafungua kamba iliyokuwa imefunga mlango. Kuku wakatoka wote. Akaja nayo, kamba ya katani, nyeusi kwa uzee, ina mafundo matatu.

"Baba yako alikuwa anapima," akasema. "Upande huu anashika yeye kwenye kamera. Ncha ile mimi naipeleka mpaka kwenye jicho la anayepigwa. Fundo la kwanza likifika kwenye kamera, uso. La pili, mtu aliyekaa. La tatu, mtu mzima na viatu vyake."

Nikaitoa kamera begini, nikaitazama lenzi. Mikwaruzo mitatu, mafundo matatu. Nikamshukuru yule fundi kimoyomoyo.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Niliuliza, ukasema inajipima." Akaikunja kamba mkononi. "Hii ilimfunga ng'ombe wa mahari yangu. Ng'ombe akabaki kwa baba yangu, kamba ikanifuata."

Ndipo nikaelewa, na nikaacha kumkasirikia marehemu. Hakuna picha ya mama kwa sababu kila picha aliyopiga baba, mama alikuwa ameshika kamba.

Kwenye mkanda wa mwisho, uliokuwa bado ndani ya kamera, nilikuwa nimebakiwa na picha tatu. Nikamkalisha, nikashika upande wangu, naye akapeleka ncha yake kwenye jicho lake mwenyewe. Fundo la pili likakaa penye kamera, nikazungusha lenzi mpaka mkwaruzo wa pili. "Tayari," nikasema, nikabonyeza. Kufumba na kufumbua kigoda kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amedondosha kamba na kusimama pembeni, mikono nyuma, kama alivyofanya maisha yake yote ya ndoa kila aliposikia neno hilo.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nikamrudisha, nikamwonya, akaapa hatainuka. "Tayari," nikasema. Akaondoka tena. Miguu yake haikumsikiliza.

Ikabaki moja. Niliogopa kweli, sina haja ya kuficha. Filamu nyingine sijui ingefika lini, na jicho la kushoto lenyewe lilikuwa linapungua kila mwezi.

"Mama," nikasema, "safari hii usiiachie kamba."

Sikusema tayari. Nilibonyeza tu.

Nilipompelekea, aliishika picha muda mrefu. Kila kunjo la uso lilikuwepo, na kicheko kilikuwa hakijaisha mdomoni. Mkono mmoja uko shavuni, umeshika kamba, na kamba inakuja, inakuja, mpaka inatoka nje ya picha kwa chini. Mama aliifuata kwa kidole mpaka ukingo wa karatasi. Pale kidole kikasimama.

"Huku ndiko alikokuwa anasimama," akasema.

Kisha akaniambia nimrudishie kamba yake niliyoondoka nayo siku ile, kuku wanazurura.