Rufaa ya Malkia Aliyeishia Njiani

Watani wetu wanasema Mpare akiibiwa kuku atauza ng'ombe ili kesi iende mbele. Mimi nasema wanatuonea. Lakini wiki ile niliyofungwa chesi na shemeji yangu nilinunua daftari, nikaandika mchezo wote hatua kwa hatua, nikampelekea karani mstaafu wa mahakama anayekaa nyuma ya soko la Same. Nilitaka mchezo ufutwe.

Sababu nilikuwa nayo. Shemeji huyu ni mdogo wa mwisho wa mke wangu, dereva wa bodaboda. Nilipooa kwao alikuwa hajaanza shule, na tangu hapo ananiamkia. Siku ya mchezo, kwa mdomo wangu mwenyewe, nilitangaza mbele ya watu wa kijiweni kwamba atakayefungwa atamwamkia mwenzake Jumapili, mlangoni pa kanisa. Basi mimi, mzee wa kanisa mwenye mvi, niliyeshona sare za kwaya nzima, nimpe shikamoo mtoto niliyempangusa kamasi.

Karani alivaa miwani, akapanga kete mezani. Ngome moja ilikuwa imepotea, tukaweka bobini ya cherehani yangu niliyoikuta mfukoni.

"Hatua ya kwanza," akasoma. "Askari wa mbele ya mfalme, nafasi mbili. Naye vivyo hivyo. Hapa kuna malalamiko?"

"Hakuna."

"Ya pili. Malkia wako anatoka mpaka ukingoni mwa ubao. Hata chai hajanywa?"

"Nilikuwa na mpango."

"Shemeji anatoa farasi. Ya tatu, unamtoa askofu, naye anatoa farasi wa pili." Karani akainama juu ya ubao. "Lakini hapa umeshinda. Malkia anakwenda mshazari nafasi mbili, anamla askari aliye ubavuni mwa mfalme, askofu anamlinda kwa nyuma. Mfalme hana pa kukimbilia."

"Ndiyo maana niko hapa."

"Sasa kwa nini hukumla?"

Nikaeleza, na damu ikanichemka upya. Nilikuwa nimeuona ushindi, lakini sikutaka kuumeza peke yangu. Nikamwita fundi viatu wa jirani, nikamwita na mama lishe, waje washuhudie shemeji anavyokwisha. Waliposogea wote, nikamnyanyua malkia. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, "Mwanangu, hujambo?" Alikuwa mama mkwe, na kikapu chake cha sokoni.

Mama mkwe hasalimiwi mtu akiwa amekaa. Niliruka kama aliyekalia pasi ya moto, nikamwacha malkia palipokuwa karibu, nikatoa mikono yote miwili. "Shikamoo, mama." Nilipogeuka, malkia alikuwa ameishia nafasi moja kabla ya alikokuwa anakwenda, na shemeji ameshamla kwa askari wa pembeni.

"Ukiachia umecheza," akasema shemeji, bila kunitazama.

Hatua zilizofuata karani alizipitia haraka, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Soma pembeni mwa hatua ya tatu," nikamwambia. Nilikuwa nimeandika: wakati naita watu, anabonyeza simu.

Karani akampigia mama mkwe, akaweka spika.

"Ndiyo, kijana wangu wa mwisho aliniandikia meseji," akasema mama. "Nilikuwa gengeni nanunua nyanya. Akasema mkwe wangu ananiulizia, nipite nimsalimie. Nilifurahi sana."

Nikapiga meza mpaka bobini ikaanguka. Nilijua kesi ni yangu. Karani akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Hakuna kifungu kinachomkataza mtu kumwita mama yake," akasema. "Na wewe usingeita watazamaji, mama angekuta mchezo umekwisha. Rufaa imetupwa."

Jumapili, shemeji alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, shati limenyooshwa, mama yake kando. Kijiwe kizima kilikuwa pale, hata wale wasiosali kwetu. Mke wangu alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Nilisogea, nikasema, "Shikamoo."

Akafungua mdomo, marahaba haikutoka. Akazitazama mvi zangu, akamtazama mama yake, jasho likamtoka. Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kichwa kikainama chenyewe.

"Shikamoo, shemeji," akasema.

Nilimpenda sana wakati ule. Haki ilinitaka nikatae, nimkumbushe kwamba leo anayestahili kuamkiwa ni yeye. Watu wote walikuwa wanasubiri.

"Marahaba," nikaitikia, nikaingia kanisani haraka.