Chupa Isiyo na Jina

Mwalimu wetu wa kemia ana vidole vyenye madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni, na huvipangusa kwenye koti hata vikiwa vikavu. Akitufundisha kutambua kilichomo kwenye chupa isiyo na jina, hukichanganya na asidi, hukipasha moto, hupitisha testitubu chini ya pua yake, hufumba macho, kisha hutuuliza sisi: "Haya, inanukia nini?" Levina husema ndizi mbivu. Shamila husema rangi ya kucha. Mimi husema mbula, yale matunda ya porini kwetu Puge. Yeye hutuitikia wote, "Ehee, ndiyo hiyo hiyo," tukabaki kutazamana, hatujui tuandike lipi.

Jana alizibua chupa nyingine, kumbe ya amonia. Macho yalituwasha, tukakohoa, tukarudi nyuma mpaka ukutani. Yeye akaisogeza puani, akavuta pumzi taratibu, akafumba macho kama kawaida yake. "Haya, wanangu, inanukia nini?" Hatukujua tumtazame nani. Levina akafuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Ndizi mbivu, Mwalimu."

"Ehee," akasema, akitabasamu. "Ndiyo hiyo hiyo."